Kaunta Buku la Baba Mkwe

Jumapili, 1 Juni 2025
Wiki ya tatu ya ndoa. Lugano ameniletea chai kitandani tena, akanifunika miguu kwa koti lake sababu ya baridi. Nilidhani wanaume wa hivi wako kwenye tamthilia tu. Nimetoka Chunya kwenye vumbi, nimekuja Tukuyu kwenye kijani kitupu, na mume mwenye sauti ya kwaya. Mungu ananipendelea.

Kinachonitoa jasho ni kimoja. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wanaita ukutila. Nikimwona njiani naingia migombani. Yeye naye anatakiwa akohoe na kugeuka. Hatusemeshani. Jina lake silitaji, hata humu naogopa kuliandika.

Jumanne, 3 Juni
Nimepewa kazi! Baba mkwe amechora maisha yake yote — mabango, kuta za saluni, Mlima Rungwe kwenye kila hoteli kuanzia stendi. Sasa ana miaka sitini na nane, ameacha brashi, anaandika hadithi. Mama mkwe anasema amechoka kupanda ngazi. Kwa kuwa nilisoma kompyuta baada ya kidato cha nne, mzee amemwambia Lugano: mkeo achape. Basi kaunta buku linatoka kwake, linapita kwa Lugano, linafika kwangu. Lugano hasomi, eti mwandiko unamuumiza kichwa. Kweli, herufi kubwa kama za bango, mistari inapandana.

Hadithi ni ya mchoraji mzee. Tamu. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 6 Juni
Sitaisahau siku hii. Nimetoka bombani na ndoo kichwani, nikakutana naye uso kwa uso. Pa kuingia hakuna. Nikainama. Yeye akapita taratibu, hakukohoa, hakugeuka, koti lake likanigusa bega.

Nimemwambia Lugano, akaacha kula. "Baba? Mke wa kaka Ezron ana miaka kumi hapa, hajawahi kuona hata kidevu chake." Kisha akanishika mkono. "Basi anakupenda kuliko mila." Nimelia kwa furaha.

Mama mkwe hakufurahi. Amesema mimi ndiye wa kukimbia, nisimtie mzee aibu.

Jumatatu, 9 Juni
Sura ya nne. Nanakili kama ilivyo:

"Mchoraji alikoroga kijani, akaambiwa ni bluu. Siku hiyo aliosha brashi, akasema amechoka. Hakuchoka. Machoni mwake mlikuwa na ukungu ambao haupandi hata jua likitoka. Sasa anatembea kwa kuhesabu. Kutoka mlango wa jikoni hadi mgomba wa kwanza, hatua arobaini na moja. Hajamwambia mtu. Wakijua watamkalisha kwenye kiti, na hatatoka tena peke yake."

Nimetoka nikahesabu. Hatua zangu fupi, nimepata arobaini na nne. Ni njia hiyohiyo.

Basi siku ile hakunipenda kuliko mila. Hakuniona.

Nikimwambia Lugano, nimemvua baba yake nguo. Kumuuliza mwenyewe siruhusiwi. Nimefunga kompyuta nikaifunika kitenge. Siri yangu ya kwanza kwa mume wangu, na ndoa haijatimiza mwezi.

Jumatano, 11 Juni
Fundi Ackson anachimba shimo la choo kipya. Kule nyuma amekutana na mwamba, leo amehamia kwenye njia ya migombani, katikati kabisa. Mama mkwe amelalamika kuhusu njia. Ackson akamjibu, "Mtazunguka kidogo tu mama, shimo lote hili nani asilione?" Wakacheka. Mimi nikawaza zile hatua arobaini na moja.

Nimemwomba Lugano aweke miti ya kuzuia. "Kesho, mpenzi."

Alhamisi, 12 Juni
Naandika huku nimekaa sakafuni.

Asubuhi nilikuwa nachuma mboga. Ukungu mzito. Nikasikia mlango wa jikoni, nikajificha nyuma ya mgomba kama mkamwana anavyotakiwa. Hakukohoa. Alikuwa anahesabu, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ishirini na tisa. Thelathini.

Nikaita, "Baba!" Sauti ikatoka kama ya kuku. Akainua mguu mwingine. Nikakimbia nikamshika mkono, mikono yangu yote miwili, nikamvuta. Tukaanguka kwenye udongo wa Ackson.

Akauliza taratibu, "Ni wewe unayechapa?"

Nikasema ndiyo. Hayo ndiyo maneno yetu yote tangu niolewe.

Mama mkwe akatokea. Akanikuta nimemkumbatia mumewe chini kwenye matope. Alijifunika uso kwa khanga, akasema neno la Kinyakyusa ambalo sijafundishwa.

Sasa wako sebuleni: mama mkwe, Lugano, kaka Ezron, na mzee Ambindwile wa ukoo. Nasikia kila kitu. Mama mkwe anasema mumewe hajawahi kuanguka shimoni tangu amjue, mtu mzima na shimo la ukubwa ule, nilimfuata nini? Mzee Ambindwile anasema mambo haya yamewahi kumrudisha mwanamke kwao. Baba mkwe yumo humo humo. Ameomba tu kaunta buku lake.

Lugano amekuja mara moja. Hakuniangalia. "Nipe kitu cha kuwaambia, Esnath. Chochote." Ile sauti ya kwaya sikuisikia. Akatupa kaunta buku kitandani. "Na baba amesema uchape. Hata leo!" Akatoka.

Nimelifungua. Ameandika leo hii, mistari mitatu, herufi zinatoka nje ya ukurasa:

"Mkamwana akamshika mkono. Wakamwita, wakamuuliza sababu. Naye akawajibu"

Basi. Ukurasa uliobaki ni mweupe, na kalamu ameiacha katikati. Jibu ameniachia mimi.

Lugano anagonga.