Maiki ya Mgombea Mwenza

Jumatatu, 4 Agosti

Wametangaza mgombea mwenza. Mkunga mstaafu! Sisi wote tulimtarajia yule tajiri wa mabasi. Mke wangu aliacha kufua akaja kusimama mbele ya redio, mikono inachuruzika povu. Aliyempendekeza mkunga ni kaka wa mke wangu, yaani shemeji yangu, meneja wa kampeni. Ndiye pia aliyenipa kazi ya mitambo ya sauti, kwa hiyo nimejifunza kusifu akili zake.

Jioni alipita nyumbani. Nikamuuliza, kwa nini mkunga? Akasema mama yule hana kundi, hana domo, hatamfunika Mheshimiwa, mgombea wetu. Atakaa kwenye kiti, atatabasamu, basi. Shemeji alikuwa anang'aa kama bwana harusi. Kisha akashusha sauti: amewaahidi wakubwa wa chama kwamba mama akiharibu, yeye mwenyewe ndiye atakayefungasha virago. Mke wangu hakulipenda hilo. Mimi nikabaki najiuliza, mtu wa kutabasamu anaharibu vipi?

Jumatano, 6 Agosti

Nimeona vipi.

Mkutano wa kwanza. Mama akasimama, akawatazama watu, akawaambia wavute pumzi kwanza. Nimefunga spika harusini, msibani, mnadani — sijawahi kusikia mpiga kura akiagizwa kupumua. Wakapumua! Kisha akauliza ni akina mama wangapi humu walijifungulia kwenye foleni. Mkono mmoja. Miwili. Halafu uwanja mzima.

Tabu ni kwamba Mheshimiwa aliwahi kuwa waziri wa afya. Alipiga makofi, ndiyo, lakini kama mtu anayeua mbu. Zamu yake ya kuhutubia ilipofika, nusu ya uwanja walikuwa wamemfuata mama kwenye gari lake kumsalimia.

Sasa tumeshinda leo au tumeshindwa? Nilimuuliza shemeji. Akasema tumejaza uwanja. Nikarudia swali. Akasema nisimuulize maswali ya kizembe.

Ijumaa, 8 Agosti

Shemeji alikuja mezani kwangu kabla ya mkutano, akajifanya anakagua waya. Hajui lolote kuhusu waya. Akaninong'oneza:

"Maiki ya mama ipunguze. Asiwe bubu, ila asiwe kengele."

Nikamkumbusha huyu ni mtu wa upande wetu. Akasema angekuwa wa upande wa pili asingehangaika naye hivi.

Nikapunguza. Ni shemeji, na mke ni dada yake.

Basi wa nyuma wakawa hawasikii, wakasogea mbele. Wa mbele wakanyamaza ili wasikie. Wauza maji wakaacha kunadi. Jenereta yangu ikaonekana haina adabu. Mkutano wa siasa, na unasikia mtoto akikohoa! Alipopanda Mheshimiwa, maiki yake imefunguliwa yote kama anavyopenda, watu wakaanza kurudi nyuma, vidole masikioni.

Shemeji alinitazama kana kwamba nimenunuliwa na wapinzani. Nilifanya alichoniagiza!

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemsimulia mke wangu. Kosa. Anasema namzibia mwanamke mwenzake mdomo. Nikamwambia namlinda kaka yake asimwage unga. Akasema kaka yake ni mtu mzima. Baada ya dakika chache akauliza kama kweli watamfukuza, maana ada za wanawe watatu atazitoa wapi. Nikasema sijui. Akaninunia upya.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama mwenyewe kaja mezani leo. Nikajua nimekwisha.

"Mwanangu, ni wewe unayenipunguza?"

Nikasema mitambo ina matatizo. Akaitazama mitambo, akanitazama mimi, akacheka taratibu.

"Basi usiitengeneze."

Akajiendea zake, kamkoba kake kwapani.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Anayemwogopa anataka nipunguze. Mwenyewe naye anataka nipunguze. Nikipunguza, namtii nani? Nikipandisha, namhujumu nani? Na Mheshimiwa — kura zake zinaongezeka au zinapungua? Magazeti mawili leo: moja limeandika mkunga amemfufua, jingine limeandika amemzika. Picha ile ile.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika nikiwa nyuma ya meza ya sauti. Mkutano haujaisha. Au umeisha, sijui.

Asubuhi Mheshimiwa aliniita mwenyewe. Anataka naye apunguzwe! Eti ameshagundua siri ya mama iko kwenye mitambo. Nikasema ndiyo Mheshimiwa. Ningesema nini?

Mama ametangulia, amemaliza, amekaa. Mheshimiwa amepanda. Lakini yeye ni mtu wa kufoka, na kufoka kwa sauti ndogo ni kama kumwona mtu akigombana nyuma ya kioo. Wa nyuma wakalalamika hawasikii. Hakuna aliyesogea mbele, hata mmoja. Kisha mtu akasema kwa upole kabisa, kama anayeomba chumvi mezani, kwamba maiki apewe mama. Wakadakia wengine. Mheshimiwa akaikunja hotuba, akateremka, akaingia garini. Shemeji akamfuata. Vioo juu.

Watu hawajaondoka. Mama yuko kwenye kiti chake, mikono mapajani, hamtazami yeyote.

Shemeji ametoka garini sasa hivi. Shati limemganda mgongoni.

"Washa maiki moja. Nyingine zima."

Nimemuuliza, ya nani? Amemtazama mama, amelitazama gari, halafu amenitazama mimi — mimi! — kama vile nina jibu.

Kioo cha gari kimeshuka kidogo. Mkono wa Mheshimiwa umetoka nje, unapunga. Sijui anatuita au anatuaga. Shemeji naye hajui. Anauliza wewe unaonaje, na swichi zote mbili ziko mbele yangu.