Dema Lililojaribiwa Kisimani

Ujerumani, 3 Februari 2025

Baba, shikamoo. Natumai umepata nguvu baada ya dripu ya wiki iliyopita. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa.

Kazi imekubali, Baba! Vile vizimba vya kubebea dawa ya saratani, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, vilivyofumwa kwa chuma na kaboni kama madema yako ya kutegea samaki, vimekaa majini siku tatu na dawa yote imo ndani. Maana yake dawa itapita mwilini bila kumwagika mpaka ifike kwenye uvimbe. Hutatapika tena. Tumekaribia! Nimecheza peke yangu maabara.

Mwambie Idarusi wa duka la kuchapisha akutolee barua hii kwa herufi kubwa.

Mwanao, Asmahani

Kigombe, 10 Februari 2025

Mwanangu Asmahani, marahaba. Sisi huku salama. Idarusi kaichapa kwa herufi kubwa kweli, hata jirani kaisoma akiwa barazani kwake. Msikitini wamesema Sabiri kazaa.

Basi nimeamua. Dripu ya tarehe 19 siendi, nasubiri yako. Ramadhani inaingia, na zile dripu hunilaza siku nane. Mwaka jana sikufunga hata moja, nikawa nakula mbele ya wajukuu waliofunga. Niliona haya sana. Muuguzi nimeshamwambia kuwa binti yangu anatengeneza ya kwake.

Usinipigie simu kunibembeleza. Unanijua, kwenye simu mimi hucheka tu. La maana liandike.

Babako, Sabiri

Kigombe, 14 Machi 2025

Asmahani, hujambo mwanangu? Mwezi mzima sijaona hata mstari wako.

Leo ni funga ya kumi na tatu. Miadi ya pili imepita juzi, nayo sikwenda. Shingo imevimba upande wa kulia, daku inashuka kwa taabu. Dawa iko wapi? Kama kuna neno, liseme.

Babako

Ujerumani, 17 Machi 2025

Baba, shikamoo. Hali yako siulizi, umeshaniambia.

Vile vizimba tulikuwa tumevijaribu kwenye maji safi na maji ya chumvi tu. Ulipoandika kuwa huendi hospitali nikasema nitakujibu nikishavijaribu kwenye damu, nikupe habari kamili. Tarehe 20 Februari nikavitia kwenye majimaji ya damu. Havikumaliza nusu saa. Damu ina kemikali iitwayo fosfeti, nayo hukikamata kile chuma na kukichomoa. Kizimba kikafumuka, dawa ikamwagika yote.

Na hata vingedumu, ingepita miaka kabla ya mtu kuchomwa sindano ya dawa hiyo. Hilo nililijua siku ile ninaandika "tumekaribia". Furaha ilinizidi, kisha aibu ikanifunga mdomo. Kila siku nilijiambia nivitengeneze kwanza ndipo nikuandikie.

Rudi hospitali kesho, Baba, nakuomba. Nisamehe.

Mwanao

Kigombe, 21 Machi 2025

Asmahani, nimepata barua yako. Nilikwenda jana. Daktari anasema uvimbe umekua, ila dripu bado inaweza kuufikia. Naanza upya Jumatano. Saumu nimeiacha, na nimelia.

Kwa kukosea sikulaumu. Mwaka wangu wa kwanza wa kusuka nilijaribu dema kisimani. Akina mama walinifokea, lakini lilikaa wiki nzima, nikajisifu kijiji kizima. Baharini kamba zikaachia siku ya pili. Babu yako alicheka mpaka akakaa chini. Ila mvuvi niliyekuwa nimemsukia la pili nilimwambia siku ileile, maana riziki yake ingeingia mle.

Wewe ulijua tarehe 20, ukaniandikia mwezi uliofuata, tarehe 17. Siku ishirini na tano, mwanangu. Hizo zinaniuma kuliko shingo.

Babako

Ujerumani, 5 Mei 2025

Baba, shikamoo. Kichefuchefu kimepungua? Uji unakaa tumboni?

Leo tumevijaribu tena kwenye damu, safari hii tumevivika ganda jipya. Jibu nimeliona saa nne na dakika kumi asubuhi. Sasa ni saa nne na robo, koti la maabara sijalivua.

Vimedumu saa mbili. Tulihitaji ishirini na nne. Vimevunjika, Baba.

Keshokutwa Jumatano ni siku yako ya dripu. Nenda.

Mwanao, Asmahani