Siku Uliyopanda Mnara wa Roketi Riyadh

Kaka yangu Mwadime,

Tangu tukuzike, wageni huniuliza ulikuwa mtu wa namna gani. Mimi huwasimulia habari ya roketi.

Ilikuwa miaka ile maajenti walipokuwa wakijaza ndege kwa vijana wa Kenya. Pale Riyadh, tulikofanya kazi ya ujenzi pamoja, ulianguka kutoka jukwaa la vyuma, ukavunjika mkono. Mkono ulipona, lakini hukupanda tena hata ngazi fupi. Bosi akakupa ufagio, kisha akasema ikama yako, kile kibali cha kuishi kule, ikiisha basi, urudi kwenu. Uliitikia tu, "Sawa, bosi." Mimi ndiye niliyelia.

Ndipo tukatumwa Bandari ya Jeddah kuchukua mzigo wa maonyesho: mfano wa roketi iliyompeleka Mmarekani wa kwanza angani, mkubwa kama yenyewe, pamoja na jukwaa lake la kurushia na mnara wake. Wewe ndiye uliyefungua masanduku na kuzipanga bolti zote. Njia nzima hadi Riyadh ulizilinda kama mayai.

Msimamizi wa maonyesho, Bi Amal wa Misri, alikuwa akitusimulia wakati wa chai. Alisema mnara mwekundu wa kuihudumia roketi ile ulitokana na mnara wa kuchimbia mafuta.

"Kumbe ni wa huku huku kwenye mafuta!" ukasema.

Akaeleza kwamba roketi ya kwanza ya aina ile, ilipojaribiwa bila mtu ndani, iliinuka kiasi cha urefu wa kidole, injini ikazima, ikarudi ikakaa palepale jukwaani. Ulicheka mpaka chai ikakumwagikia.

"Hata yenyewe iliogopa!"

"Wakatafuta kosa, wakalirekebisha," akasema. "Miezi michache baadaye nyingine kama hiyo ikambeba mtu, akarudi mzima."

Hukucheka tena. Ulibaki ukiutazama ule mnara.

Kesho yake kreni ikainua chombo cha rubani, chenye umbo la kengele. Ilibidi mtu awe kileleni akiongoze na kukifunga. Nilikuwa navaa mkanda wa usalama uliponinyang'anya.

"Kaka, acha, nitapanda mimi."

"Bolti nilizipanga mimi. Halas, yameisha."

Ulipofika katikati ulisimama, paji la uso umelibandika kwenye chuma. Nilikuita mara mbili. Bosi naye alivua kofia. Kisha nikaona mguu wako wa kulia ukitafuta kidato cha juu.

"Yalla, teremsha!" Sauti yako hiyo, kutoka kileleni! Chombo kikakaa, ukakaza bolti moja baada ya nyingine, na dereva wa kreni akapiga honi kama wa harusi. Uliposhuka, bosi alikushika bega. "Huyu asishike ufagio tena."

Ulipanda minara miaka yote iliyobaki, Riyadh na Jeddah. Kaka, bado nakulilia, lakini nikilitaja jina lako natembea kifua mbele.

Jioni ile ya roketi ulimpigia mama simu, hata salamu ukazisahau.

"Mama, leo nimepanda!"

"Umepanda nini, mwanangu, na huko ni jangwa tupu?"

Tulicheka mpaka salio likaisha, mama wa watu hajaelezwa kitu.

Pumzika, shujaa wangu.

Mdogo wako