Uliyewasemea Wasichana

Mpendwa dada Nekesa,

Sijui barua hii niitume wapi. Naandika tu kwa sababu nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Unakumbuka likizo ile uliporudi Namboboto na habari kwamba wenzako chuo kikuu wamekuchagua uwasemee wasichana? Ulidhani umeleta heshima nyumbani. Kijiji kikasikia lake: kwetu anayesemea wasichana kazi yake ni moja tu, ushenga. Kesho yake jirani yetu mama Auma akaingia na kuku, akakusihi umtafutie binti yake bwana mwenye digrii. Ukamweleza taratibu kwamba unawasemea mbele ya wakubwa wa chuo, si mbele ya wachumba.

"Hao wakubwa ndio wazuri hata zaidi," akasema.

Tulicheka mpaka Mama akatufukuza jikoni. Kuku tulimla.

Likizo iliyofuata hukucheka. Ulinieleza habari za Akinyi wa kule Osieko, mwenzako wa bwenini. Alipata mimba akafukuzwa, na kijana aliyempa mimba, wa darasa lilelile, akabaki anafanya mitihani yake kwa raha. Ulisema utakwenda kuwauliza wakubwa. Nami, mjinga wa kidato cha pili, nikaamini kwamba swali zuri lazima lipate jibu.

Ulikwenda na wasichana wengi, mkaketi mlangoni pa ofisi. Ukauliza, "Kama mimba ni kosa, huyo mkosaji wa pili yuko wapi?" Wakubwa walichotaka kujua ni kiongozi wenu nani. Mmoja mmoja wenzako wakainuka, wakakung'uta sketi, wakaenda zao. Siwalaumu sana, maana kwao pia ng'ombe waliuzwa ili wasome. Ukabaki peke yako, ukafukuzwa kwa uchochezi.

Baba hakukupiga. Afadhali angekupiga. Alikutazama ukishusha sanduku, akasema, "Umewasemea watoto wa watu wote. Wewe sasa atakusemea nani?" Mama akarudi jikoni.

Ulipoamua kuvuka mpaka ukajaribu chuo cha Kampala, tulikukanya sote, kwamba huko askari wamezidi na watu wanapotea. Ukasema huku umeshapotea tayari. Nilikusindikiza mpaka Malaba. Ulinunua ndizi, ukanigawia nusu, ukaahidi kuandika ukifika. Tangu hapo Baba amewauliza madereva wa malori na wafanyabiashara wanaovuka, mpaka wakaanza kumkwepa. Mmoja alimwambia kwa upole, "Mzee, wacha kuuliza huko. Utawaletea wengine shida." Akaacha. Nami nimechoka kukuombea, dada. Napiga magoti na maneno hayaji.

Jumamosi iliyopita, sokoni Busia, mwanamke muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliniita kwa jina lako. Nilipomwambia mimi ni mdogo wako, akanishika mikono yote miwili. Alikuwa Akinyi. Yeye aliondoka chuoni kabla hamjaketi mlangoni pale, wala hakuna aliyemfikishia habari zako. Akanijazia omena zaidi ya niliyonunua.

"Nekesa alimaliza masomo?" akauliza.

Nikamwambia ulimaliza.

Akaweka kopo la kupimia chini, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Basi," akasema. "Angalau mmoja wetu."

Kwaheri, dada. Popote ulipo, usimwambie.

Mdogo wako,
Nafula