Yasini Niliyoiruka

Dada Awa,

Ninaandika nikiwa kitandani, mto mgongoni. Tumerudi nyumbani kutoka ukimbizini. Paa la jiko lako halipo, mkorosho wako upo. Nimechoka, dada, na jambo hili sitaki kwenda nalo kaburini.

Unawakumbuka wale wawili wa chuo kikuu waliokuja kuuliza mimea ya kutuliza uvimbe wa utumbo, ule wa watu wanaoharisha damu miaka na miaka? Ulikaa mkekani ukawaeleza. Gome la mkorosho, kikombe kimoja. Maji vikombe vitatu, moto mdogo. Yakianza kuchemka nawe uanze kusoma sura ya Yasini, ukiimaliza, uipue. Mimi nilikuwa mkalimani. Niliwatafsiria kwa Kireno yote, isipokuwa Yasini. Niliona haya. Niliogopa wangeandika kwamba dada wa mwalimu wa biolojia anatibu kwa dua.

Ukaniuliza, "Na Yasini umewaambia?"

Nikakujibu, "Nimewaambia."

"Haya. Maana wewe mwalimu, jambo lisilo kitabuni kwako halionekani."

Majibu yao nilikusomea mimi mwenyewe. Walilichemsha gome kwa muda mfupi tu, hawakuona ndani yake kitu cha maana, wakaliacha. Kisha ukasema, "Basi mkono wangu hauna baraka tena." Tangu siku hiyo hukumchemshia mtu. Waliokuja na wagonjwa wao uliwarudisha mlangoni, na umekufa hivyo.

Sasa mjukuu wako Zaina ana ugonjwa huohuo. Hospitali imempa vidonge, vinamsaidia kiasi. Mwezi uliopita alichemsha gome mwenyewe, akasoma Yasini kwa mwendo wako ule wa taratibu. Mimi nilikuwa nimelala, natazama saa ya ukutani kwa kukosa la kutazama. Zilipita dakika ishirini na zaidi. Maji yakatoka mekundu, mazito.

Nimefundisha biolojia maisha yangu yote. Nilijua kwamba kilichomo kwenye gome hakitoki upesi. Lakini sikujua kwamba ulikuwa unapima muda kwa Yasini.

Sisemi gome linaponya. Zaina anasema tumbo linatulia, lakini vidonge bado anameza, kwa hiyo siwezi kujua ni kipi. Hilo lilikuwa la wenye maabara kulipima, nami niliwapa nusu ya dawa. Wewe nikakuacha uamini kwamba kosa ni la mkono wako.

Jana nilimweleza Zaina. Alinifunika shuka tu. Barua ya wale wa chuo ameshaipeleka. Nimewaandikia yote, na jina lako. Jibu lao sidhani nitalikuta.

Ijumaa, baada ya swala, nitaomba nibebwe hadi barazani. Wale uliowarudisha mlangoni nitawaambia mbele ya watu kwamba dawa yako haikushindwa, niliikata mimi. Nakuahidi hilo, hata kama sauti itatoka kidogo.

Pumzika, dada. Radhi siiombi kwa barua. Nakuja kuiomba mwenyewe.

Mdogo wako,
Bakari