Lengalenga zilizong'olewa Gashoho

Yoba, Gitega

Mjukuu wangu Zaina,

Mama yako ameniambia leo asubuhi kwamba umeng'oa mchicha wote wa lengalenga shambani kwa mama mkwe wako, na unauliza kama urudi nyumbani. Sisi tuko wazima. Babu anakusalimu.

Nilipoolewa Buraza, nilifanya hivyohivyo. Sokoni kwetu zinauzwa na mizizi, nikadhani ndivyo zinavyochumwa. Mama mkwe wangu akatazama kapu.

"We binti wa mjini, umetupikia leo, kesho na keshokutwa!"

Wiki zile tulikula ugali na chumvi, na hakumwambia jirani yeyote sababu. Zilipoota nyingine, alinionyesha kukata ncha tu, shina lichipue tena.

Usirudi. Jumamosi baba yako analeta mbegu. Mwombe mama mkwe wako mzipande pamoja.

Bibi yako