Mizani Imekataa Kushuka

Kapsoit, 14 Juni 1969

Mpendwa Baba Phelis,

Natumaini huko Kampala uko mzima. Huku mvua imezidi, na majani ya chai yanamea haraka kuliko mikono yetu. Phelis yuko kwa mumewe huko Ndanai, anakusalimu.

Nesi wa zahanati alisema presha yangu iko juu, lazima nipunguze mwili. Nimeacha sukari, nimeacha mafuta, chai nakunywa ya rangi. Kila Jumamosi karani Hezekiah ananipima kwa mizani ya majani. Naning'inia ndani ya gunia wanawake wakicheka, naye kwa mazoea ananikata ratili mbili za uzito wa gunia! Mwanzoni nilishuka vizuri. Sasa ni wiki ya saba nimekwama pale pale, ratili mia moja themanini na nne.

Juzi nesi alikasirika. "Mama, kuna kitu unakula na huniambii?"

Nikasema hakuna. Nilimdanganya. Kila jioni nasonga ugali wa watu wawili. Nakuwekea sahani yako mezani, naifunika, nangoja. Usipokuja, siwezi kumpa mbwa chakula chako. Nahamia kiti chako, nakula.

Tangu Januari hujaandika. Sikuulizi unakaa na nani. Niambie tu nisonge ugali wa watu wangapi.

Ni mimi mke wako,
Bitutu